Kitabu Kinachobeba Mji Mzima

Mgeni ashukaye Majoreni akimtafuta mtu hahitaji karatasi. Hutaja jina, na yule aliyeulizwa humrudishia swali: "Wa mlango gani?" Yakishapita maneno mawili matatu, mtoto hutumwa amwongoze mgeni hata uani. Asipopatikana mtoto, mgeni ataambiwa afuate njia ya kisimani, apite mnazi uliokatika kichwa, auache msikiti mkono wa kulia, kisha aulize tena. Njia haina jina wala nyumba haina nambari, walakini hakuna apoteaye kwa muda mrefu, maana ramani ya kijiji imo vichwani mwa wenyewe.

Taabu huanza mtu huyo huyo wa Majoreni anapovuka kivuko cha Likoni na kwenda mbele. Karani aliyehamishiwa Nairobi, au mzee anayekwenda kumtazama bintiye aliyejifungua, hukuta kwamba kule swali la mlango halina jibu. Jirani wa chumba cha pili hajui jina la jirani yake. Mtu akiuliza njia kwa watu watatu hupewa njia tatu. Na si msafiri peke yake apatikaye na shida. Gari la wagonjwa hupita mbele ya nyumba likarudi tena. Gari la zimamoto husimama njia ya pili likiuliza, na huku paa limekwisha kuanguka. Mji mkubwa ukikosa ramani, hasara yake huhesabiwa kwa roho za watu.

Dawa ya shida hiyo katika miji mikubwa ya dunia ilikuwa kitabu: atlasi ya mitaa. Si ile atlasi ya shuleni yenye mabara na bahari. Hii huonyesha mji mmoja tu pamoja na viunga vyake, lakini huuonyesha njia kwa njia, hata vichochoro, makaburi, vituo vya reli na mashule. Kila ukurasa ni kipande kimoja cha mji, na pembeni pameandikwa nambari ya ukurasa unaoendelea upande ule. Juu ya ukurasa hupangwa herufi, ubavuni hupangwa nambari, na mistari myembamba huukata ukurasa miraba kama mkeka wa ukindu. Mwishoni mna faharasa, yaani orodha ya majina yote ya njia kwa utaratibu wa alfabeti. Jina likifuatwa na 14 C5, msomaji hufungua ukurasa wa 14, akashuka chini ya C hata ikutanapo na 5, na njia aitafutayo imo ndani ya mraba ule. Mtoto wa darasa la nne aweza kujifunza jambo hili kwa robo saa.

Jambo lenye kuwatatiza wengi ni kipimo. Ramani za kawaida za mashambani nchini Kenya huchorwa kwa kipimo cha 1 kwa 50,000, maana yake kilometa moja ya ardhi huwa sentimita mbili za karatasi. Kwa kipimo hicho nyumba yenye upana wa mita kumi huwa sehemu ya tano tu ya milimita, haionekani ila kwa nukta. Kwa kipimo cha 1 kwa 10,000 nyumba ile ile huwa milimita nzima, na njia iliyo mbele yake hupata nafasi ya kuandikwa jina. Hiyo ndiyo sababu atlasi ya mitaa huwa nene. Anayetaka kuona zaidi hana budi kununua karatasi zaidi.

Mji uliowafundisha wengine kazi hii ni London, na mwalimu wake alikuwa kipindupindu. Wakati wa Malkia Victoria mji ule ulikua kwa kasi ya kutisha: watu wapatao milioni moja mwaka 1801 walikuwa wamezidi milioni sita pamoja na viunga ulipofika mwaka 1901. Mashamba ya pembeni yaligeuka safu za nyumba kabla wino wa ramani ya zamani haujakauka. Uchafu wa watu wote hao uliingia mtoni Thames, na wengi walikunywa maji ya mto huo huo. Maradhi ya mwaka 1848 na 1849 yaliua watu wapatao 14,000 mjini humo. Ikaonekana kwamba mifereji ya chini ya ardhi haiwezi kujengwa na watu wasiojua njia zinapanda wapi na kushuka wapi. Basi wanajeshi wa Idara ya Upimaji wakatumwa kuupima mji wote. Walijenga jukwaa la miti juu kabisa ya kanisa kuu la St Paul's, juu ya kuba lenyewe, wapate kuona pande zote. Baadhi ya ramani walizotoa zilikuwa na kipimo cha futi tano za karatasi kwa maili moja ya ardhi.

Mwaka 1854 kipindupindu kilirudi, na katika mtaa wa Soho kiliua watu zaidi ya 500 kwa muda wa siku kumi. Daktari mmoja, John Snow, alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza waliokufa walikuwa wakichota maji wapi. Vifo vilielekea bomba moja la mkono katika njia iitwayo Broad Street. Mpini wa bomba ukaondolewa. Baadaye Snow alitia vifo vile katika ramani ya mitaa, kila kifo mstari mdogo mweusi mbele ya nyumba yake, na mistari ilirundikana kulizunguka bomba lile. Madaktari wengi wa siku zile waliamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa mbaya, na hawakusadiki upesi. Hata hivyo ramani ile hutazamwa mpaka leo na kila anayesomea afya ya watu. Mkulima wa Kwale aliyewahi kuona kisima kikifungwa wakati wa maradhi ya kuhara aweza kuielewa bila ya mkalimani.

Baada ya wapimaji wa Serikali walikuja wafanya biashara. Mwaka 1862 Edward Stanford alitoa ramani ya London katika karatasi 24, kwa kipimo cha inchi sita kwa maili. Mwaka 1888 George Bacon alitoa atlasi kubwa ya London na viunga vyake, iliyofungwa kama kitabu. Posta nayo ilikuwa na kilio chake, maana mji ule ulikuwa na njia nyingi zenye jina moja, na barua ya mtu huyu ilifika kwa mwingine. Ndipo Rowland Hill alipougawa mji katika kanda kumi za posta mwaka 1857 na 1858, na Bodi ya Kazi za Mji, iliyoundwa mwaka 1855, ikaanza kubadili majina yaliyojirudia. Kazi hiyo haikupendwa na kila mtu, kwa sababu mtu huzoea jina la njia yake kama azoeavyo jina la babu yake.

Mwenye meli mmoja kutoka Liverpool, jina lake Charles Booth, alifanya jambo la ajabu zaidi. Kuanzia mwaka 1889 alichapisha ramani ambazo kila njia ilitiwa rangi kwa kadiri ya mali ya wakaao humo: manjano kwa matajiri wakubwa, nyekundu kwa wenye nafasi, buluu kwa maskini, na nyeusi kwa wale aliowaona wa chini kabisa. Alikadiria kwamba watu 30 katika kila 100 wa London waliishi katika umaskini. Waungwana wengi hawakutaka kusadiki, lakini ni vigumu kubishana na ramani inayotaja njia yako mwenyewe. Ubaya wa kazi ile ulikuwa kwamba ilihukumu pia tabia za watu kwa kutazama mlango wa nyumba yao, na mtu maskini mwenye heshima alipakwa rangi moja na mwizi aliyekaa jirani.

Kitabu kilichoenea mikononi mwa watu wa kawaida kilikuja mwaka 1936. Ni atlasi ya A hata Z ya Phyllis Pearsall, iliyochorwa na James Duncan. Inasimuliwa kwamba Bibi Pearsall aliamka alfajiri kila siku akatembea njia 23,000 kwa miguu, jumla ya maili 3,000. Inasimuliwa pia kwamba kadi za faharasa za herufi T zilianguka dirishani, na kidogo tu uwanja maarufu wa Trafalgar ukose kuandikwa. Wataalamu wa historia ya ramani huitilia shaka hadithi ya kutembea, kwa kuwa baba yake alikuwa mchapishaji wa ramani na karatasi za kunakilia zilikuwapo. Lakini kitabu kilikuwa kizuri, chepesi, na bei yake haikumtisha karani. Wachapishaji wa namna hii wana hila moja ya kuchekesha: wengine huingiza njia ndogo ya uongo, isiyopo popote duniani, ili akinakili mwizi ajulikane kortini.

Huko Melbourne, mji mkuu wa jimbo la Victoria katika Australia, Merv Godfrey na Iven Mackay walitoa atlasi yao iitwayo Melway mwaka 1966. Watu wa mji ule waliizoea hata kadi ya arusi ikawa haielezi njia, bali huandikwa ukurasa na mraba tu.

Katika pwani ya kusini ya Kenya ramani ziliingia kwa mlango mwingine, na watu wa Majoreni wana sababu ya kuzitazama kwa jicho la tahadhari. Bahari ndiyo iliyopimwa kwanza. Katika miaka ya 1820 manowari za Kiingereza Leven na Barracouta, chini ya Kapteni William Owen, zilipima kina cha maji na miamba ya pwani ya Afrika Mashariki. Ni Owen huyo aliyekubali ombi la Mazrui wa Mombasa mwaka 1824 wawekwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Baada ya bahari ulikuja mpaka. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yalipiga mstari kutoka mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, ukaenda moja kwa moja hata Ziwa Jipe. Mstari ule ulichorwa mezani Ulaya, ukawakata Wadigo na Wavumba, wengine wakawa wa Tanga na wengine wa Kwale, na huku shangazi na mpwa hula sahani moja.

Kisha ikaja ardhi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani apeleke madai yake, apimiwe na kupewa hati. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Mashamba ya ukoo, yaliyojulikana kwa miembe ya mababu na makaburi, hayakuwa na karatasi, na wengi hawakwenda kudai kitu walichokuwa wamekikalia tayari. Miongo mingi imepita na kesi za maskwota hazijesha Kwale. Kwa hiyo mpimaji anapoonekana na vyombo vyake, mtu wa pwani haulizi kwanza ramani itamsaidiaje. Huuliza ni ya nani. Swali hilo ni la haki kabisa.

Mijini mambo hayakuwa mepesi pia, kwa kuwa majina ya njia yalikuwa ya watawala. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 Delamere Avenue ya Nairobi iliitwa Kenyatta Avenue, na Hardinge Street ikawa Kimathi Street. Victoria Street, yenye jina la malkia yule yule, ikapewa jina la Tom Mboya baada ya kuuawa kwake mwaka 1969. Mombasa nayo Kilindini Road ikawa Moi Avenue, na Salim Road ikawa Digo Road, jambo ambalo kila Mdigo atokaye kivukoni hulisoma kwa furaha kidogo. Dar es Salaam, Acacia Avenue iligeuka Independence Avenue, kisha Samora Avenue. Mwenye ramani ya mwaka 1955 akitembea nayo leo atafika aendako, ila hataweza kumwuliza mtu njia.

Lakini kosa kubwa la ramani za miji ya Afrika Mashariki halikuwa majina ya zamani. Lilikuwa nafasi tupu. Kibera ya Nairobi ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya ishirini na askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la Kiingereza, na jina lake katika lugha yao maana yake ni msitu. Mji ulipokua, malaki ya watu wakajenga humo, wakawa na misikiti, makanisa, shule, vinyozi na masoko. Walakini katika ramani zilizokuwa mikononi mwa watu hadi mwaka 2009 hapakuonyeshwa kitu, ni kama msitu ungalipo. Mtaa usiomo katika ramani haupangiwi bomba wala taa, na ikija siku ya kuvunja nyumba, mvunjaji huweza kusema kwamba hakujua kuna watu.

Mwaka 2009 vijana 13 wa Kibera, wakifundishwa na Mikel Maron na Erica Hagen, walishika vyombo vidogo vya kupokea mawimbi ya setilaiti wakatembea vijia vyote vya mtaa wao. Waliandika mahali pa bomba la maji, choo, zahanati, shule na taa. Kazi ya kwanza ilichukua majuma machache tu. Ramani yao waliitia katika ile ramani huria ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote aweza kuisoma na kuisahihisha bila malipo. Walionyesha kwamba kazi iliyodhaniwa ya wapimaji wa vyeo yaweza kufanywa na kijana anayekijua kichochoro chake, mradi afundishwe na asimamiwe.

Dar es Salaam ilikwenda mbali zaidi, na huko sababu ilikuwa maji. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa iliujaza mto Msimbazi, bonde la Jangwani likawa ziwa, na watu wapatao 40 walifariki. Mji ule ulikuwa na watu 4,360,000 na zaidi kwa hesabu ya mwaka 2012, na 5,380,000 na zaidi kwa hesabu ya mwaka 2022. Walio wengi hukaa katika mitaa iliyojengwa bila ya mpango wa Serikali, ambako mtaro wa maji hupita nyuma ya jiko la mtu na hakuna ofisi iliyokuwa na habari zake. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi walikuwa wamechora mtaa wa Tandale pamoja na wenyeji. Mwaka 2015 ilianza kazi kubwa, nayo ikaitwa Ramani Huria. Wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chama cha Msalaba Mwekundu, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Benki ya Dunia waliingia katika kazi hiyo. Ndege ndogo zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu, na wanafunzi wakashuka chini na karatasi mkononi, wakifuatana na watu wa mtaa.

Kazi ya chini ndiyo iliyokuwa ngumu, na ndiyo iliyokuwa na faida. Picha ya ndege huonyesha paa. Haiwezi kusema kama chini ya paa ni duka la dawa au banda la kuku. Haionyeshi mtaro uliofunikwa kwa mbao, wala haijui maji ya mwaka jana yalifika kiunoni au magotini. Habari hizo zilikuwa kwa wakazi, nao waliulizwa. Mitaro ilipimwa upana na kina, ikaandikwa kama imejengwa kwa saruji au ni shimo la udongo, na kama imezibwa na takataka. Anayetazama ramani hizo huona mtaro mpana ukimwaga maji yake katika mtaro mwembamba, na hapo mafuriko hayahitaji maelezo zaidi.

Palikuwa na jambo jingine ambalo lugha yenyewe ililileta. London mtaa ni njia, nayo hupewa jina. Dar es Salaam mtaa ni sehemu ya kata, wenye mwenyekiti na ofisi yake. Na chini ya mtaa liko shina, nyumba chache zilizo chini ya mjumbe mmoja. Nyumba nyingi hazikuwa na nambari inayojulikana, lakini kila mkazi alimjua mjumbe wake. Alipouliza daktari mgonjwa wa kipindupindu ametoka wapi, jina la njia pengine halikupatikana, ila jina la mjumbe lilipatikana. Tatizo ni kwamba mipaka ya mashina haikuwamo katika ramani yoyote. Ilikuwa vichwani mwa wajumbe, wengi wao wazee, na mjumbe akifariki mpaka wake ulizikwa pamoja naye. Katika awamu za baadaye za kazi, vijana waliwaendea wajumbe, wakatembea nao nyumba hata nyumba kuizunguka mipaka hiyo, wakaiandika. Kwa njia hiyo anayetaka kujua ugonjwa umetokea shina gani hana haja ya kutafuta jina la njia ambayo haikupewa jina.

Zanzibar ilifuata mwaka 2016, ambapo Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa walirusha ndege za namna ile ile juu ya Unguja na Pemba. Mikoko, minazi na mapaa ya makuti yalipigwa picha kwa ukaribu wa sentimita chache, na zile nukta ndogo zilizokuwa zikiwakilisha vijiji katika karatasi za zamani zikaonekana kuwa nyumba zenye ua, kisima na njia ya kwenda baharini.